Theluji ya Saa Mbili na Theluji ya Saa Nane

Mhadhara kwa Waswahili wapenda milima waishio Geneva na jirani zake



Kila mwaka Juni ikifika katikati, simu huanza kulia. "Huko juu theluji imeisha?" Anayeuliza amekwishapata ruhusa ya siku mbili kazini, amenunua buti, na anachotaka ni ndiyo au hapana. Nimekuja leo kuwaomba mliache swali hilo, kwa sababu halina jibu linalomfaa mtu. Mteremko mmoja wenye theluji iliyosalia, saa kumi na moja alfajiri ni mgumu hata kisigino cha buti hakiingii. Saa mbili na nusu umelainika juu kidogo, unashika nyayo, na bibi mwenye fimbo zake mbili anapita bila taabu. Saa nane mchana mguu unazama hadi pajani, na chini ya mguu huo unasikia maji yakienda. Theluji ni ile ile, siku ni ile ile. Swali la kupangia safari ni hili: nitakuwa juu ya theluji hiyo saa ngapi, na nikiteleza nitaishia wapi?

Safari ya kulala usiku mmoja mlimani ina nafasi ambayo safari ya kutwa haina. Ukichagua pa kulala, umechagua na saa ya kukutana na theluji. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Tuchukue safari moja tuifuate, maana ushauri usio na mahali haushikiki. Wengi wenu mnaijua njia ya kuuzunguka Mont Blanc, inayopita Ufaransa, Italia na Uswisi. Hatuendi yote. Tunachukua kipande kimoja upande wa Ufaransa, kinachoanzia kijiji cha Les Contamines-Montjoie. Kutoka hapo unafika kanisa dogo la Notre-Dame de la Gorge, kwenye mita 1,210 hivi, ambako barabara ya magari inakoma na njia ya kale ya mawe inaanza kupanda. Unapita kibanda cha wapandaji cha Nant Borrant, kisha La Balme kwenye mita 1,706. Kutoka La Balme unapanda hadi Col du Bonhomme, shingo kati ya vilele yenye mita 2,329. Hapo wageni hudhani wamemaliza. Bado. Njia inakata ubavuni mwa mlima, inavuka vijito na makorongo madogo, hadi Col de la Croix du Bonhomme, mita 2,479, na chini yake kidogo kipo kibanda kikubwa cha chama cha wapanda milima cha Ufaransa. Toka hapo ni mteremko hadi Les Chapieux, mita 1,554. Kwa mtu wa mwendo wa kawaida, Notre-Dame de la Gorge hadi La Balme ni kama saa mbili. La Balme hadi shingo ya kwanza, saa mbili nyingine. Ubavuni hadi shingo ya pili, saa moja. Kuteremka Les Chapieux, saa mbili. Hizo ni hesabu za njia kavu.

Njia hii haina barafu ya kudumu ya kuvuka wala kamba ya kushikilia. Agosti utakuta watoto wanaikimbia. Lakini Juni, na miaka mingine hadi Julai, upande wa Contamines unaotazama kaskazini na kile kipande cha ubavuni hubaki na mabaka ya theluji, na baka moja tu likikaa juu ya korongo linatosha kuiharibu safari. Kabla ya shingo ya kwanza, pahali paitwapo Plan des Dames, kuna rundo kubwa la mawe. Wenyeji husimulia kuwa bibi mmoja na mtumishi wake walifia pale katika dhoruba, na wapitao huongeza jiwe. Hekaya ni hekaya, lakini hata hekaya imechagua mahali pake vizuri.

Wapo humu waliopanda Lenana, mita 4,985, na waliofika Uhuru, mita 5,895, na najua wanavyojisemea moyoni: hizi mita 2,479 ni kitu gani? Ni haki yao. Kwa pumzi na mapafu, hawana cha kuogopa hapa. Lakini mlima wa ikweta haukufundishi theluji ya namna hii. Kule theluji huja na mvua, huanguka usiku, na mara nyingi jua la siku moja au mbili huiondoa. Siku ni ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Huku theluji imerundikana tangu Novemba, tabaka juu ya tabaka, imeshindiliwa na upepo na uzito wake yenyewe, na inapofika Juni ni mzigo mzito uliolowa, unaoyeyuka kuanzia juu na kuliwa na maji kutoka chini. Nao mchana wa mwishoni mwa Juni unakaribia saa kumi na sita. Jua linachomoza saa kumi na mbili kasorobo na kutua saa tatu na nusu usiku. Jua hilo lina muda mrefu wa kufanya kazi yake.

Na usiku? Hapa ndipo mipango mingi inapokosea. Tunasoma utabiri, tunaona Geneva usiku nyuzi 18, tunapiga hesabu: kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua kama nyuzi sita na nusu, kwa hiyo kibandani itakuwa nyuzi tano, kwa hiyo theluji haitaganda. Hesabu ni sahihi, lakini hitimisho lake si sahihi. Usiku wa anga safi, uso wa theluji hutupa joto lake moja kwa moja angani, na unaweza kuganda huku hewa iliyo juu yake ikiwa nyuzi mbili tatu juu ya sifuri. Usiku wa mawingu, joto lile hurudishwa chini, na asubuhi unaikuta theluji imelowa kama ulivyoiacha. Kwa hiyo katika utabiri wa mlimani sitazami kwanza mvua. Natazama mawingu ya usiku, kisha urefu ambako joto linafika sifuri, ambao taarifa za Météo-France huutaja kila siku. Anga safi: kesho asubuhi theluji itakuwa imeshikana kama samli ya alfajiri, na nina saa chache kabla haijayeyuka. Mawingu usiku kucha: sina hata hizo.

Ubaya wa theluji ngumu na ubaya wa theluji laini si mmoja, na watu huvichanganya. Ngumu inakuangusha. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 au 35, mtu aliyeteleza juu ya theluji iliyoganda hushika kasi katika sekunde chache, na suruali za nailoni tunazozipenda zinamsaidia kwenda. Kitakachoamua hali yake ni kile kilicho chini: mteremko unaolala taratibu hadi kwenye nyasi, ataamka akijicheka, mawe au genge, hatujui. Ndiyo maana, kabla ya kukanyaga baka lolote, macho yaende chini kwanza, ndipo yaende mbele. Laini inakumeza. Kijito kinachopita chini ya theluji huchimba pango, na dari lake huwa jembamba kadiri mchana unavyosogea. Pembeni mwa miamba nako kuna uwazi, kwa sababu mwamba hupata joto la jua na kuyeyusha theluji iliyouzunguka. Kingo za baka ndizo dhaifu kuliko katikati yake. Ukisikia maji chini yako, usisimame kusikiliza vizuri. Na mchana wa joto, kwenye miteremko mikali, theluji iliyolowa inaweza kuporomoka yote kwa pamoja, hata mwezi huu wa Juni.

Basi mpango unaanzia mezani, na vifaa vyake siku hizi ni vya bure. Ramani za taasisi ya jiografia ya Ufaransa, IGN, zina tabaka la rangi linaloonyesha ukali wa mteremko: njano huanzia nyuzi 30, rangi ya chungwa 35, nyekundu 40, zambarau kupita 45. Weka njia yako juu ya rangi hizo. Panapokuwa na rangi, jiulize mteremko unatazama wapi. Unaotazama mashariki hupigwa na jua la kwanza. Unaotazama kaskazini hubaki mgumu hadi asubuhi imekomaa, na huchelewa kuisha theluji kwa majuma. Kisha fungua picha za setilaiti za Sentinel-2, za mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya. Setilaiti hizo hupita kila baada ya siku tano hivi, na nukta moja ya picha ni mita kumi kwa mita kumi. Siku isiyo na mawingu utaona kwa macho yako korongo gani bado ni jeupe. Linganisha picha ya leo na ya siku kumi zilizopita, utajua kasi ya kuyeyuka.

Halafu piga simu kibandani. Mtunza kibanda ameona watu waliofika jana, ameona nyuso zao, anajua nani aligeuka na wapi. Usimwulize "kuna theluji?" Mwulize: jana watu walipita ubavuni saa ngapi, walivaa nini miguuni, na je, nyayo zao zimechimbika? Akikwambia wote walikuwa na mwongozaji, umeshajibiwa. Kifaransa chako kikiwa kibovu, usione haya, wamezoea. Chamonix nako kuna ofisi ya kuzuia ajali iitwayo La Chamoniarde, inayotoa habari za hali ya njia kwa yeyote anayeuliza.

Jambo moja msilitumie katika kupanga: habari ya rafiki aliyepita tarehe ile ile mwaka jana. Mwaka 2022 theluji ya Alpi iliisha mapema mno, na barafu za Uswisi mwaka huo zilipoteza takriban asilimia sita ya ujazo wake. Mwaka 2024 mvua za majira ya kuchipua zilianguka kama theluji huko juu, na Juni ilikuta shingo hizi bado zimezikwa. Kuna na mkono wa bara letu humo. Februari 2021 vumbi la Sahara liliruka hadi Alpi na kuigeuza theluji rangi ya machungwa. Likatua tena Machi 2022. Theluji chafu hunywa jua zaidi kuliko nyeupe, kwa hiyo tabaka la vumbi likifunuliwa tena Mei au Juni huharakisha kuyeyuka. Mkiiona theluji ya waridi, lakini, msiisingizie Sahara: hiyo ni rangi ya viumbe vidogo vya jamii ya mwani wanaoishi ndani yake.

Sasa tupange. Mtindo wa wengi ni kutoka Geneva asubuhi baada ya chai, kuanza kutembea saa nne, na kulala kibanda cha juu, Croix du Bonhomme, kwa sababu kina jina na mandhari. Hesabuni: saa sita wako La Balme, saa nane shingo ya kwanza, na kile kipande cha ubavuni wanakivuka kati ya saa nane na saa tisa na nusu. Ndiyo saa mbaya kuliko zote. Theluji imelowa, dari za vijito zimechoka, na mawingu ya radi ya kiangazi ndiyo kwanza yanakusanyika. Kesho yake, kama gari liko Contamines, wanarudi njia ile ile saa moja asubuhi, theluji imeganda, wanateremka. Wamepata ubaya wa aina zote mbili kwa siku mbili, na kitanda wamelipia.

Mimi huugeuza. Siku ya kwanza haina haraka: treni hadi Saint-Gervais, basi hadi Les Contamines, chakula cha mchana kijijini, kupanda taratibu hadi La Balme, kulala. Kuna vitanda, na kuna eneo la mahema jirani. Hii ni hifadhi ya asili, hema husimamishwa jioni na kuondolewa asubuhi, tena mahali palipotengwa tu, kwa hiyo someni kanuni za mwaka huo kabla hamjabeba hema. Siku ya pili tunaamka saa kumi na tunaondoka saa kumi na moja. Miteremko ya chini tunapita wakati nuru inapanuka, hakuna baya. Kwenye theluji ya kwanza ya maana tunafika saa kumi na mbili na nusu hivi. Ikiwa ngumu mno, tunakaa juu ya jiwe, tunakunywa chai ya chupa, tunangoja jua. Subira hiyo ndiyo kifaa cha bei rahisi kuliko vyote. Ubavuni tunavuka kati ya saa mbili na saa nne, kibanda cha juu tunakifanya mgahawa, saa sita au saba tuko Les Chapieux. Toka hapo kuna basi la kiangazi hadi Bourg-Saint-Maurice, na treni. Ratiba ya basi hilo hubadilika na msimu wake ni mfupi. Itafuteni kwanza, ndipo mpange siku. Huna gari la kurudia, kwa hiyo huna sababu ya kuivuka theluji mara ya pili.

Ukiwa na kitanda cha juu ambacho huwezi kukiacha, basi anza kutembea Notre-Dame de la Gorge saa kumi na moja alfajiri. Hakuna njia ya tatu.

Vifaa nitavipitia haraka, maana maduka yatawaambia mengi kuliko mnavyohitaji. Buti yenye soli ngumu. Fimbo mbili zenye vikombe vipana. Minyororo yenye meno ya chuma ya kuvalia juu ya buti inafaa kwenye njia iliyochimbika. Kwenye mteremko mkali inakupa ujasiri usio wako. Huko panahitajika meno marefu ya kufunga na sururu ndogo ya barafu, na sururu hiyo bila kufundishwa kujizuia ni uzito tu. Kajifunzeni siku moja kwenye mteremko mfupi unaoishia uwanjani. Mfuko wa kulalia wa nyuzi sifuri kwa wa hema. Kibandani mablanketi yapo, beba shuka lako jembamba la kulalia. Miwani ya jua ya kweli, kwa sababu theluji hurudisha jua machoni kutoka chini. Na mafuta ya kukinga jua, ndugu zangu. Ngozi yetu nayo huungua, hasa chini ya kidevu na ndani ya pua, na anayebisha nitamwonyesha pua yangu baada ya mhadhara.

Kibandani kinapikwa chakula kimoja kwa wote, saa moja jioni. Asiyekula nguruwe, asiyekula nyama, aseme siku ya kuweka nafasi, si mezani. Na usipokwenda, piga simu useme huendi. Ukikaa kimya na usifike, mtu anaweza kutoka usiku kukutafuta.

Ninyi mnaokwenda kikundi, hapa pana maneno ya kusemana kabla. Sisi tuna heshima zetu. Mdogo hamwambii mkubwa wake "nageuka", na mgeni hapendi kuwaharibia wenyeji wake safari. Adabu hiyo ni nzuri sebuleni. Kwenye baka la theluji inamsukuma mtu anayetetemeka miguu hadi katikati ya mteremko. Kwa hiyo mkubaliane usiku, mkiwa mmeshiba: yeyote akisema basi, ni basi, haulizwi sababu, na mkubwa wa msafara ndiye aseme hivyo kwa sauti, wote wasikie. Mkubaliane na saa. Ikifika saa nne na bado hatujaimaliza ile sehemu ya ubavuni, tunarudi La Balme. Fedha ya kitanda au tiketi iliyolipwa isihesabiwe katika mazungumzo hayo.

Kabla sijaulizwa: ndiyo, kutoka Croix du Bonhomme iko njia nyingine ya juu, ya Col des Fours, mita 2,665, inayoteremkia Ville des Glaciers bila kupita Les Chapieux. Ni nzuri mno. Kwenye theluji au ukungu, iacheni.

Mambo yakiharibika, nambari ni 112 kote Ulaya. Upande wa Ufaransa mara nyingi atakayekuja ni polisi wa milima, PGHM, ambao kikosi chao cha Chamonix kilianza mwaka 1958, na kwa kawaida uokoaji wao mlimani haudaiwi malipo. Uswisi nambari ya Rega ni 1414, na helikopta ina bili. Tazameni bima zenu. Simu ikikosa mtandao, ishara ya Alpi tangu mwaka 1894 ni sita kwa dakika: filimbi sita, au kurunzi mara sita, dakika moja kimya, kisha tena. Anayekujibu hutoa tatu.

La mwisho ni karatasi. Iandikeni, muiache kwa mtu asiyekwenda: njia, pa kulala, majina, simu, rangi za makoti, na saa ambayo asiposikia kitu apige 112. Saa hiyo iwe ya Ulaya. Mkiandika "saa mbili usiku" na mwenye karatasi ni jirani Mfaransa, atawangoja hadi usiku wa manane upite. Andikeni 20:00, mtie sahihi, mkalale. Mnaamka saa kumi.